Kuendesha Programu za Windows Ndani ya Linux kwa Wine: Kila Programu na Chumba Chake

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo bado zina nguvu za kutosha zikaonekana hazifai kwa Windows 11, ama kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 ama kwa kuwa na prosesa ya zamani. Waliozihamishia mashine hizo Linux Mint au Ubuntu kwa kawaida hawapati taabu ya kuperuzi intaneti wala ya kuandika barua. Kinachowakwamisha ni programu moja tu, mara nyingi ndogo na ya zamani, ambayo kazi nzima ya ofisi imeiegemea na ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena.

Mwongozo huu unaihusu programu ya namna hiyo. Mfano nitakaoufuata ni programu ya stoo ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi, iliyoandikwa kwa Visual Basic 6, yenye kuhifadhi kumbukumbu zake katika faili la Access lenye mkia wa .mdb. Niliihamisha mwenyewe kutoka kwenye kompyuta iliyokuwa inakata roho, CD ya kusakinishia ikiwa imepotea siku nyingi, na karibu kila kosa nitakalolieleza hapa nilikutana nalo katika kazi hiyo.

Wine inafanya nini hasa

Programu ya Windows inapotaka kufungua faili, kuchora dirisha au kutuma ukurasa kwa printa, haifanyi hivyo yenyewe, bali huziomba maktaba za Windows, yaani mafaili ya msimbo unaotumiwa na programu nyingi, kama vile kernel32, user32 na gdi32. Wine ni maktaba hizohizo zilizoandikwa upya kuanzia mwanzo, bila kutumia msimbo wa Microsoft, kwa namna ambayo ombi la programu hupokelewa kwa lugha ya Windows na kutekelezwa na Linux. Ni mkalimani aliyekaa katikati ya watu wawili. Haigizi kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, na ndiyo maana programu nyingi hukimbia kwa kasi ileile zilizoizoea. Kazi hii ilianza mwaka 1993, tangu mwaka 1994 imeongozwa na Alexandre Julliard, na toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15.

Kutokana na maelezo hayo yanafuata mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, mkalimani anajua maneno aliyokwisha kujifunza tu: programu ikiomba jambo ambalo watengenezaji wa Wine hawajaliandika, itakwama hata kama kompyuta yako ni mpya kabisa. La pili, Wine haifasiri maagizo ya prosesa, kwa hiyo programu iliyotengenezwa kwa prosesa za Intel na AMD haitaendeshwa na Wine peke yake kwenye Raspberry Pi au mashine nyingine ya ARM. Huko huhitajika chombo cha ziada kama Box64 au FEX, na mwongozo huu hauendi huko.

Kabla ya kugusa chochote

Jiulize kwanza kama unahitaji Wine kweli. Kwa hati na lahajedwali, LibreOffice humtosheleza mtu wa kawaida, na mtangulizi wake, OpenOffice, amewahi kusema Kiswahili: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Programu kama VLC, GIMP, QGIS na Inkscape zina matoleo ya Linux yenyewe, na hakuna faida yoyote ya kuendesha toleo la Windows kupitia mkalimani wakati mwenyewe yupo na anaijua lugha.

Ukiona huna budi, lichunguze faili la programu. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, nenda kwenye folda lilipo, kisha andika:

    file stoo.exe

Jibu likianza na PE32 lenye neno Intel 80386, hiyo ni programu ya biti 32, likiwa PE32+ lenye x86-64, ni ya biti 64, likitaja Mono/.Net assembly, inahitaji mazingira ya .NET, jukwaa la Microsoft la kuendeshea programu. Likisema MS-DOS executable bila jambo jingine, iache Wine na utumie DOSBox, kiigizi cha kompyuta za DOS. Programu za biti 16 za enzi za Windows 3.1 huonekana kama NE, na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: Windows ya biti 64 imekwisha kuzikataa programu hizo, ilhali Wine mara nyingi bado inaziendesha.

Baada ya hapo tafuta jina la programu yako kwenye appdb.winehq.org, ambako watumiaji huzipa programu madaraja, kuanzia Platinum kwa inayofanya kazi bila marekebisho hadi Garbage kwa isiyofaa kabisa. Angalia tarehe na toleo la Wine lililojaribiwa kabla ya kuliamini daraja, kwani ripoti ya miaka kumi iliyopita haisemi mengi kuhusu leo. Programu zilizotengenezwa mahsusi kwa duka au shule moja hutazikuta humo, na kwa hizo kilichobaki ni kujaribu.

Kusakinisha

Kwenye Ubuntu, Debian na Linux Mint amri ni hizi:

    sudo dpkg --add-architecture i386
    sudo apt update
    sudo apt install wine wine32:i386 winetricks

Winetricks ni chombo cha kuongezea Wine maktaba za Windows ambazo programu fulani huzihitaji. Amri ya kwanza huiruhusu mashine ya biti 64 kupokea vifurushi vya biti 32, na wanaoiruka ndio hao ambao programu zao za zamani hukataa kufunguka bila maelezo ya kueleweka. Kwenye Fedora andika sudo dnf install wine winetricks. Ubuntu 24.04, na Linux Mint 22 iliyojengwa juu yake, huja na Wine 9.0, Debian 13 huja na Wine 10.0. Mradi wa Wine una hazina yake ya vifurushi vipya zaidi, lakini ushauri wangu ni kuanza na kile kilicho kwenye mfumo wako, kwa sababu kimejaribiwa pamoja na vingine vyote, na kwa programu ya mwaka 2003 upya wa Wine hausaidii sana. Watu wa michezo na programu mpya ndio wenye sababu ya kukimbilia toleo la wiki hii.

Amri ya wine usiiendeshe kamwe kwa sudo. Hakuna programu ya Windows inayohitaji hivyo, na ukifanya mara moja tu utaacha mafaili yanayomilikiwa na mtumiaji mkuu ndani ya folda yako, kisha kila utakachojaribu baadaye kitagoma kwa sababu za ajabuajabu.

Chumba cha programu

Wine huhifadhi kila kitu ndani ya folda moja inayojifanya kompyuta ndogo ya Windows: ina drive_c ambayo ndiyo diski ya C, ina mafaili system.reg na user.reg ambayo ndiyo rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, na ina dosdevices ambamo herufi za diski zimeunganishwa na folda halisi za Linux. Usipoelekeza vinginevyo, folda hiyo ni .wine ndani ya folda yako ya nyumbani. Mimi huiita chumba, na kanuni ninayoisisitiza kuliko zote ni kwamba kila programu ipewe chumba chake. Programu mbili zikichangia chumba, maktaba uliyoiongeza kwa ajili ya hii ndiyo itakayoiharibu ile, na ukitaka kufuta moja huwezi kujua ni kipi cha nani. Zikitengana, kosa lolote linatibika kwa kufuta folda na kuanza upya.

Chumba cha programu yetu ya stoo tunakitengeneza hivi:

    mkdir -p $HOME/vyumba
    export WINEPREFIX=$HOME/vyumba/stoo
    WINEARCH=win32 wineboot --init

Kigeu cha WINEPREFIX huiambia Wine itumie chumba kipi, nacho hudumu hadi utakapoifunga terminali hiyo. WINEARCH=win32 hufanya chumba kiwe cha biti 32 tupu, na hutajwa mara hii moja tu, wakati wa kukijenga; chumba kikishajengwa hakibadiliki aina. Kwa programu za biti 64 usikitaje kabisa. Kwa za zamani zinazotumia Access au maktaba za Visual Basic, chumba cha biti 32 kina matatizo machache zaidi. Baadhi ya mifumo, Arch Linux ikiwa mojawapo, sasa hutengeneza Wine kwa mtindo mpya ambao unaendesha programu za biti 32 bila maktaba za Linux za biti 32, na huko Wine inaweza kukujibu kwamba win32 haikubaliki. Ukipata jibu hilo, acha kigeu hicho na ujaribu chumba cha kawaida kabla ya kukata tamaa.

Wakati wa kujenga chumba Wine inaweza kukuuliza kama ipakue Mono na Gecko. Mono ni mbadala wa .NET na Gecko ni ya kuonyesha kurasa za wavuti zilizo ndani ya programu. Zote ni za makumi ya megabaiti, kwa hiyo anayetumia bando na ambaye programu yake haihusiki na .NET anaweza kukataa bila hofu. Zikishapakuliwa hukaa katika .cache/wine, na zile za winetricks hukaa katika .cache/winetricks; ukiwa na kompyuta tano za kuhudumia, nakili folda hizo mbili kwenye flashi na uzipachike mahali palepale kwenye mashine nyingine, nawe utakuwa umepakua mara moja tu.

Sasa programu iingie. Ukiwa na faili la kusakinishia, ni wine setup.exe, au wine msiexec /i jina.msi kwa mafaili ya .msi. Mimi sikuwa nalo, hivyo niliinakili folda nzima ya programu kutoka kwenye diski ya zamani na kuiweka ndani ya drive_c. Njia hiyo huwezekana kwa programu sahili, ila kuna gharama: chochote ambacho kisakinishi kingekiweka kwenye folda ya mfumo au kukiandikisha kwenye rejista hakipo, nawe itakubidi ukitafute kimoja kimoja.

Kusoma kilio cha programu

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Programu ikikataa kufunguka wao hukimbilia kusakinisha kila kitu kilichomo kwenye winetricks, eti kimojawapo kitafaa. Matokeo yake ni chumba kilichojaa maktaba zinazogombana na mwenye nacho asiyejua ni ipi iliyosaidia. Wine imekwisha kusema inachokosa. Kinachotakiwa ni kuisikiliza. Iendeshe programu kutoka kwenye terminali na uhifadhi maneno yake:

    cd $WINEPREFIX/drive_c/Stoo
    wine stoo.exe 2> $HOME/stoo-kumbukumbu.txt
    grep err: $HOME/stoo-kumbukumbu.txt

Faili hilo litakuwa na mistari mingi inayoanza na tarakimu kisha fixme. Hiyo ni mikumbusho ya watengenezaji wa Wine kwao wenyewe kuhusu sehemu ambazo hawajazikamilisha, na programu inayofanya kazi vizuri kabisa inaweza kutoa mamia yake. Ya kutazama ni mistari ya err, na hasa yenye import_dll. Wangu wa kwanza ulikuwa huu:

    err:module:import_dll Library MSVBVM60.DLL (which is needed by L"C:\\Stoo\\stoo.exe") not found

Yaani stoo.exe inaitaka maktaba ya MSVBVM60.DLL na haikuipata. Hilo ni faili la mazingira ya Visual Basic 6, na winetricks inalo kwa jina la vb6run. Majina mengine ya kawaida ni haya: MFC42.DLL hupatikana kwa mfc42, na MSVCP140.dll au VCRUNTIME140.dll hupatikana kwa vcrun2022. Kabla ya kuongeza chochote, nakili chumba kizima ili uwe na pa kurudi:

    cp -a $HOME/vyumba/stoo $HOME/vyumba/stoo-kabla
    winetricks vb6run

Kisha jaribu tena. Programu yangu ilifunguka safari hii, ikaonyesha dirisha lenye kosa namba 339 na jina la MSCOMCTL.OCX. Namba 339 katika programu za Visual Basic maana yake ni kwamba kijenzi kilichotajwa hakipo au hakijaandikishwa. Winetricks comctl32ocx ililitatua hilo, na comdlg32ocx ikatatua lililofuata. Kijenzi ambacho winetricks haina, lakini faili lake unalo kwenye folda ya programu, unakiandikisha mwenyewe kwa wine regsvr32 ikifuatiwa na jina la faili.

Kosa la mwisho lilikuwa namba 429 pale tu nilipobonyeza kitufe cha kuingia. Namba hiyo ni ngumu zaidi kwa sababu haitaji jina: programu imeomba kitu fulani kiundwe, nacho hakikuundika. Kwa programu inayosoma faili la .mdb mshukiwa wa kwanza ni sehemu ya kuwasiliana na hifadhidata, kwa hiyo nikaongeza mdac28, nikajaribu, kosa likabaki. Nikaongeza jet40, na orodha ya saruji, nondo na misumari ikatokea kwenye skrini. Kazi nzima ilinichukua mchana mmoja, na sehemu kubwa ya mchana huo ilikwenda katika kujaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Sioni njia ya mkato.

Programu za .NET zinastahili neno lao. Jaribu kwanza na Mono inayokuja na Wine. Ikishindikana, winetricks dotnet48 husakinisha .NET halisi ya Microsoft, lakini usakinishaji wake ni mrefu, na hupendelea chumba kipya ambacho hakijaguswa na kitu kingine.

Tarehe zinazogeuka kimyakimya

Programu kufunguka si mwisho wa ukaguzi. Wine huchukua mpangilio wa nchi kutoka kwenye Linux, na mfumo uliosakinishwa kwa Kiingereza cha Marekani huandika mwezi kabla ya siku. Programu ya stoo iliyozoea siku kabla ya mwezi itasoma ankara ya 04/03/2025, yaani tarehe 4 Machi, kuwa ni tarehe 3 Aprili. Ubaya zaidi ni kwamba Visual Basic ina huruma isiyotakiwa: ikikutana na 25/03/2025 inaona hakuna mwezi wa 25, hivyo inaigeuza yenyewe na kupata jibu sahihi. Kwa hiyo tarehe zote kuanzia 13 na kuendelea hukaa sawa, na tarehe 1 hadi 12 ndizo zinazohama mwezi bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Mimi niliyagundua hayo siku ya tatu, baada ya karani kuniuliza kwa nini deni la wiki iliyopita linaonekana la mwezi ujao, na tukalazimika kurudia maingizo ya siku hizo tatu kwa mkono.

Dawa yake ni kuiambia programu mpangilio wake kabla haijafunguliwa. Angalia kwa locale -a kama en_GB.utf8 ipo, kama haipo, kwenye Ubuntu na Mint iongeze kwa sudo locale-gen en_GB.UTF-8. Mpangilio wa Uingereza huandika siku kwanza, na hutenga maelfu kwa mkato na desimali kwa nukta, kama programu nyingi za ofisi zetu zinavyotarajia. Ukitaja mpangilio ambao haupo kwenye mfumo, hautafanya kazi, na hakuna atakayekuonya. Kisha, kabla ya karani kuruhusiwa kuingiza chochote, ingiza mwenyewe rekodi moja ya majaribio yenye tarehe ya chini ya 13, ifunge programu, ifungue tena na uisome.

Yote haya yakusanye kwenye hati ndogo ya amri ili mtumiaji asiandike chochote kwenye terminali:

    #!/bin/sh
    export WINEPREFIX="$HOME/vyumba/stoo"
    export LC_ALL=en_GB.UTF-8
    export WINEDEBUG=-all
    cd "$WINEPREFIX/drive_c/Stoo"
    exec wine stoo.exe

Ihifadhi kwa jina la stoo.sh, ipe ruhusa kwa chmod +x stoo.sh, na uiundie kitufe kwenye menyu au kwenye eneokazi. Mstari wa cd usiuache: programu nyingi za zamani hutafuta hifadhidata kwenye folda zilikofunguliwa, na zisipoikuta hulalamika kwamba data imepotea, jambo ambalo humtia mwenye duka presha bila sababu. WINEDEBUG=-all hunyamazisha maneno ya terminali; uiondoe siku utakapotaka kutafuta kosa.

Printa, bandari na maandishi madogo

Printa ya kawaida haihitaji kitu ndani ya Wine. Ikisakinishwa kwenye Linux na kuchapa ukurasa wa majaribio, programu itaiona, kwani Wine hupitisha kazi kwa CUPS, mfumo wa uchapaji wa Linux. Programu ya biti 32 isipoona printa yoyote ilhali Linux inaiona, mara nyingi kinachokosekana ni kifurushi cha libcups2:i386.

Printa ndogo za risiti na mizani ya kidijitali ni habari nyingine, kwa sababu programu nyingi huzungumza nazo moja kwa moja kupitia bandari za COM1 au LPT1, matundu ya zamani ya kuunganishia vifaa. Fungua wine regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine, unda ufunguo uitwao Ports kama haupo, kisha ndani yake weka thamani ya maandishi yenye jina COM1 na yaliyomo /dev/ttyUSB0, au faili lolote ambalo kifaa chako kimepewa na Linux. Funga kila kitu cha chumba hicho kwa wineserver -k ndipo mabadiliko yashike. Mtumiaji naye lazima awe na ruhusa ya kifaa: kwenye Debian na jamaa zake ni sudo usermod -aG dialout $USER, kisha atoke kwenye akaunti na kuingia tena.

Maandishi yakiwa madogo kwenye skrini ya kisasa, fungua winecfg, kichupo cha michoro, na upandishe DPI kutoka 96 hadi 120 au 144. Hapohapo kuna chaguo la kuifungia programu ndani ya eneokazi pepe, ambalo huziokoa programu zenye madirisha yanayojificha nyuma ya mengine.

Chelezo na usalama

Kwa kuwa chumba ni folda tu, chelezo yake ni amri moja:

    tar czf stoo-chelezo.tar.gz -C $HOME/vyumba stoo

Kuna mtego lakini. Folda za Documents, Desktop na nyinginezo ndani ya chumba ni viungo vinavyoelekea kwenye folda zako za Linux, hivyo programu inayohifadhi data yake kwenye Documents imeihifadhi nje ya chumba, na tar hiyo haitaichukua. Aidha folda ya mtumiaji ndani ya drive_c/users ina jina la akaunti ya Linux. Ukikihamishia chumba kwenye mashine ambayo akaunti ina jina jingine, programu itaanza na folda tupu huku mipangilio ya zamani ikibaki pembeni chini ya jina la kwanza.

Linux haikukingi dhidi ya virusi vya Windows ukishaweka Wine. Diski ya Z ndani ya kila chumba ni mzizi wa mfumo wako wote, na kirusi kinachofunga mafaili kwa ajili ya kudai pesa kitayafikia yote ambayo wewe mwenyewe unaweza kuyafikia. Amri ya winetricks sandbox huondoa diski hiyo pamoja na viungo vya folda za nyumbani, na inafaa kwa makosa ya kawaida, ingawa programu yenye nia mbaya inaweza kuuruka uzio huo. Programu zilizovunjwa leseni kutoka kwenye flashi za mitaani zibaki hukohuko mitaani.

Michezo, na wasiopenda terminali

Kwa michezo ya Steam hakuna haja ya yote yaliyotangulia. Valve, kampuni yenye Steam, ilitoa Proton Agosti 2018, nayo ni Wine iliyounganishwa na DXVK na VKD3D-Proton ambazo hugeuza michoro ya Direct3D kuwa Vulkan. Ifungulie kwenye mipangilio ya Steam, sehemu ya Compatibility, na utazame ripoti za mchezo wako kwenye ProtonDB kabla ya kutumia bando la makumi ya gigabaiti. Kwa programu za kawaida, Bottles inayopatikana Flathub, ghala la mtandaoni la programu za Linux, hufanya kwa vitufe karibu yote niliyoyafanya kwa amri, ikiwa na wazo lilelile la chumba kwa kila programu, isipokuwa kwa kuwa ni Flatpak, yaani programu iliyofungiwa peke yake, haioni folda zako mpaka uiruhusu.

Pale Wine isipoweza

Programu inayohitaji draiva yake ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Windows haitafanya kazi, na hakuna maktaba ya winetricks itakayobadilisha hilo. Kundi hili lina programu zinazolindwa kwa kifaa cha leseni cha USB, michezo mingi ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu, na vifaa vya maabara au vya karakana vinavyokuja na draiva maalumu. Matoleo mapya ya Microsoft Office na ya Adobe nayo husumbua mno kiasi kwamba siwashauri watu wayategemee kwa kazi ya kila siku.

Kwa hizo tumia mashine pepe kwa VirtualBox au virt-manager, ambamo Windows halisi husakinishwa ndani ya dirisha. Utahitaji leseni ya Windows, na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 angalau ili mgeni apewe 4 na mwenyeji abaki na za kupumulia. Kifaa cha USB cha leseni kikabidhi kwa mashine pepe kupitia menyu ya vifaa, nacho kitaonekana humo kana kwamba kimechomekwa kwenye Windows ya kawaida. Kama Windows uliyoiweka ni ya zamani isiyopata tena masahihisho, ing'oe kadi ya mtandao ya mashine pepe kwenye mipangilio kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza, na mafaili yapitishe kwa folda ya pamoja.